Shingo ya gitaa la umeme: muda wako upeleke kwenye vipimo

Vijana wa kwaya na bendi hapa Mwanza huniuliza wanunue mashine gani ili watengeneze shingo ya gitaa la solo. Nawajibu wasinunue mashine yoyote. Randa, patasi, msumeno wa chuma, tupa, msasa, jiriwa na rula nzuri ya chuma vinatosha. Kinacholifanya gitaa litoe sauti sahihi ni mbao kavu na freti, vile vipande vya waya vinavyokatiza shingo, zilizokaa mahali pake.

Kwa mbao, mimi ni mtu wa mninga. Ukishakauka vizuri, hauchezi ovyo. Chagua kipande kisicho na fundo, chenye mistari iliyonyooka mwanzo hadi mwisho. Huku ziwani hewa ina unyevu, na mbao nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi, kwa hiyo ilaze ndani juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu. Kila baada ya wiki mbili ipeleke kwa mwenye duka mwenye mizani, kisha andika uzito kwa penseli ubavuni mwa mbao. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Usiharakishe hapa hata kidogo: nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 40, na shingo mbichi itapinda tu. Hata iliyokauka inaihitaji ile fimbo ya chuma ya kurekebishia mpindo. Inunue ikiwa tayari, uichimbie mfereji kwa patasi.

Sasa freti, na hapa ndipo ninapoomba utulie. Urefu wa uzi kutoka kidaraja cha juu, kile kinachoshika nyuzi kichwani mwa shingo, hadi daraja la mwilini, pale nyuzi zinapokaa juu ya mwili wa gitaa, kwa magitaa mengi ya kampuni ya Fender, ni milimita 648. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.4: hapo ndipo freti ya kwanza. Urefu unaobaki ugawanye tena kwa namba ileile, jibu ulijumlishe na umbali wa freti iliyotangulia: freti ya pili inaangukia 70.7 na ya tatu 103.1. Ya 12 lazima iwe 324, nusu kamili. Isipokuwa hivyo, rudia hesabu. Alama zote zipime kutoka kidaraja cha juu, rula ikiwa haijasogea. Ukipima kutoka freti hadi freti, kila kosa dogo linajumlishwa na lililotangulia.

Chora kwa ncha ya kisu, penseli ina mstari mnene. Msumeno wa chuma hukata njia pana kuliko mguu wa freti, ule ubapa unaoingia kwenye mbao, kwa hiyo sugua meno yake pande zote mbili kwenye jiwe la kunolea, ujaribu kwenye kipande cha mbao kisicho na kazi. Freti ikiingia kwa kugongwa polepole na isichomoke kwa vidole, msumeno uko tayari.

Mgongo wa shingo ni kazi ya tupa na msasa, na kiganja chako ndicho kipimo. Vaa barakoa, vumbi la mninga linasumbua kifua.

Ukishafunga nyuzi, gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 upate ile sauti nyembamba, kisha ubonyeze hapohapo upige tena. Sauti zikitofautiana, sogeza daraja la mwilini: sauti ya uzi uliobonyezwa ikiwa juu, lirudishe nyuma, ikiwa chini, lisogeze mbele kuelekea shingo.