Jibu: Maji yanavyopunguza nguvu ya kwatzi kwenye miamba inayokunjika

Ndugu mleta mada, umeuliza kama maji hulainisha kwatzi (madini magumu ya silikoni na oksijeni) kwa njia ileile inayofanya mlima uporomoke baada ya mvua. Hapana. Mlimani, maji yaliyojaa kwenye nyufa husukuma pande za mwamba zisishikane, na mwamba huvunjika au huteleza. Kwatzi iliyo kilomita nyingi chini ya ardhi, kwenye joto la nyuzi 300 na zaidi, hudhoofishwa na maji yaliyomo ndani ya fuwele na kwenye mipaka ya punje, ambayo huwezi kuyaona hata ukilipasua jiwe mkononi.

Huko, molekuli ya maji hukata kifungo cha oksijeni kinachounganisha atomu mbili za silikoni, hivyo dosari zilizo ndani ya fuwele (mistari ambako atomu hazikujipanga sawasawa) husogea kwa mkazo mdogo na punje hubadilika umbo bila kupasuka. Mwaka 1965, watafiti Griggs na Blacic walionyesha huko Marekani kwamba fuwele zilizokuzwa maabara, ambazo hubaki na maji ndani yake, zilikuwa dhaifu mno kuliko kwatzi safi ya asili. Atomu mia kadhaa za haidrojeni kwa kila milioni moja za silikoni zinaweza kutosha. Majaribio ya baadaye yaliongeza jambo ambalo watu wengi hulisahau: shinikizo la maji likipanda, kwatzi hukunjika kwa kasi zaidi, hata kama mkazo na joto havijabadilika.

Hata hivyo, usikimbilie kusema kila kwatzi iliyonyooshwa ilikuwa na maji mengi. Nimekaa sana kwenye hadubini na vipande vya granulaiti (miamba iliyogeuzwa na joto kali chini ya ardhi) za milima ya Upare, na humo kwatzi imenyooka kama utepe kati ya punje za feldispari, madini mengine ya miamba hiyo, ilhali miamba hiyo inajulikana kuwa mikavu. Ilipitia joto la nyuzi 800 hivi, na joto la kiasi hicho linaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kwingine hufanywa na maji.

Ukitaka kupima maji yaliyomo kwenye kwatzi, tumia mwanga wa infraredi kwenye kipande kilichosuguliwa pande zote mbili, na uondoe kwanza gundi yote iliyokishikilia kipande, kwa sababu nayo ina haidroksili (oksijeni iliyoungana na haidrojeni, kama ilivyo kwenye maji) na itakupa maji ambayo hayamo kwenye jiwe. Kisha soma matokeo kwa tahadhari: mipaka ya punje inapohama wakati mwamba unakunjika, huyafagia maji kutoka ndani ya fuwele, kwa hiyo kiasi unachokipima leo kinaweza kuwa kidogo kuliko kilichokuwepo wakati huo.