"Kubadilisha winchi" au "kuzitia mota"?

Fundi mmoja wa boti za matanga pale Kilifi ameuliza kuhusu winchi, zile ngoma za kuzungusha zinazovuta kamba za tanga: "Mteja anataka winchi zake za mkono ziwe za umeme, sasa kwenye kotesheni niandike kubadilisha winchi, kuboresha au kuapgredi? Na ni winchi ya umeme au ya kiumeme?"

Fundi, tumalize dogo kwanza, ni winchi ya umeme, kama tunavyosema pasi ya umeme na jiko la umeme, hiyo ki- haihitajiki hapo.

Kubwa ni hilo "kubadilisha", maana hapo ndo watu wanagombana siku ya kulipa. Mteja akisoma "kubadilisha winchi" anaelewa unang'oa za zamani unafunga mpya, kumbe wewe umemaanisha ile ngoma ya juu inabaki palepale, unatoboa deki, unafunga mota na giaboksi kwa chini, unavuta nyaya alafu unaweka swichi ya kubonyeza. Hizo ni kazi mbili na bei mbili. Kwa hiyo andika "kuzitia mota winchi zilizopo", na kama ni mpya andika "kung'oa winchi za mkono na kufunga za umeme". "Kuboresha" sio kosa lakini haisemi umefanya nini, hata kupaka grisi ni kuboresha, na "kuapgredi" ni hivyohivyo, iache kwenye maongezi.

Tena usimalizie na "pamoja na waya" tu. Mota ya wati 1,200 kwenye volti 12 inavuta kama ampea 100, kwenye volti 24 ni 50, sasa mteja akidhani ni waya wa taa atashtuka akiona bei, andika "nyaya nene na fyuzi karibu na betri".

Na tafadhali usiite kila kitu kamba, maneno tunayo toka kwenye majahazi: henza ni ya kutwekea tanga, demani ni ya kulikazia. Ukiandika "winchi ya henza" mteja anajua ni ipi inatiwa mota, na hakuna atakayefikiria winchi za kushusha makontena bandarini.

"Ya mkono" nayo usiifute. Winchi nyingi za umeme bado zina tundu la kuchomeka hendeli betri ikiisha, kwa hiyo andika "ya umeme, inazungushika pia kwa mkono".