Kabla hujachagua mchezo, zitazame dadu zake

Wanaotaka kuanzisha kundi la michezo ya kuigiza wahusika, ile ya mezani ambamo kila mchezaji ni mhusika katika hadithi mnayoisimulia pamoja, hapa Moshi huniuliza kwanza kuhusu majoka, wachawi na ramani. Mimi huwaambia waanze na dadu, maana ndizo zitakazoamua hadithi yenu iende vipi.

Dungeons & Dragons, mchezo wa tangu 1974, leo unategemea dadu ya pande 20. Unarusha, unajumlisha nyongeza ya mhusika wako, ukifikisha kiwango umefaulu. Kila namba ina nafasi ileile, asilimia 5. Ndiyo maana bingwa wa upanga anaweza kukosa mara tatu mfululizo huku mpishi wa msafara akipiga pigo safi. Toleo la 2014 lilipunguza makali hayo: hali ikiwa upande wako, unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Aliyehitaji 11 au zaidi anatoka asilimia 50 hadi 75 bila hesabu yoyote ya kichwa. Kanuni hiyo naipenda mno.

Hata hivyo, kwa kundi jipya nashauri Dungeon World, mchezo mwingine wa aina hiyo. Kujua kama umefaulu, unarusha dadu mbili tu za kawaida, hizi za ludo. Zinaweza kuangukia kwa namna 36. Sita kati ya hizo zinaleta 7, moja tu inaleta 12. Nyongeza ndogo ya 1 au 2 kwa hiyo ina uzito wa kweli. Jumla ikiwa 10 au zaidi, umefaulu. Ikiwa 6 au pungufu, msimulizi, yule anayeendesha mchezo, anakushushia balaa, ila mhusika wako anapata alama ya uzoefu. Kuanzia 7 hadi 9 unafaulu kwa gharama, na hapo ndipo utamu ulipo. Mwenzetu alikuwa akipanda ukuta wa ngome usiku, akapata 8. Akaambiwa: umefika juu, ila kamba imekuponyoka, wenzako wamebaki chini na mlinzi anakuja na taa. Meza nzima ikasimama.

Kazi kubwa inabaki kwa msimulizi, kubuni gharama papo hapo. Andika chache mapema: kelele, muda, kifaa kuvunjika, deni kwa mtu mbaya.

Mkipenda mapigano marefu ya kupanga mbinu, chukueni pande 20, na programu ya simu itawarushia kama dadu yenyewe hamjaipata. Ila msimulizi asiitishe dadu pale ambapo kushindwa hakubadilishi kitu. Mlango usio na hatari yoyote nyuma yake, uache ufunguke.