Maswali na Majibu: Chama, Huduma na Mtu Anayekungoja

Barua zilizonifikia mwezi huu, nyingi zikitoka visiwani Lamu na chache Mokowe, zinazunguka jambo moja: mwanafunzi anapata nini anapotoa saa zake kwa vyama vya shule, michezo na huduma kwa jamii, na anapoteza nini. Nimechagua sita. Nimekuwa mlezi wa vyama vya wanafunzi kwa miaka mingi, kwa hivyo ninajibu kwa niliyoyaona, yakiwemo makosa yangu.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu na nimejiunga na vyama vitano: mazingira, uigizaji, skauti, uandishi wa habari na Kiswahili, ili nikusanye vyeti vya kuombea nafasi ya chuo kikuu. Mbona alama zangu zinashuka? (Mwanafunzi, Shela)

Marahaba, mwanangu. Nafasi za vyuo vikuu vya umma hapa Kenya hugawanywa na KUCCPS, taasisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, kwa kufuata matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, pamoja na alama za masomo yanayotakiwa na kozi uliyoiomba, na cheti cha skauti hakikuongezei hapo hata nukta moja. Wapo wafadhili wanaouliza habari za huduma na uongozi, lakini wao hutaka kujua ulifanya nini, na mwenye vyama vitano aghalabu hana hata kisa kimoja anachoweza kukisimulia tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua majina ya vyama vyako vyote na ujiulize juu ya kila kimoja: nisipofika Alhamisi ijayo, nani atakwama? Ikiwa katika uigizaji unashikilia nafasi ambayo wenzako hawawezi kufanya mazoezi bila wewe, basi hapo una kazi. Ikiwa katika uandishi wa habari jina lako limo daftarini tu na gazeti la ukutani hutoka uwepo usiwepo, hapo huna kazi bali una uanachama. Baki na viwili, visizidi. Vile vitatu usivitoroke kimyakimya. Nenda kwa mlezi wa kila chama, mweleze sababu, na umkabidhi mwenzako ulichokuwa nacho, hata kama ni funguo za kabati pekee.

Binti yangu wa gredi ya nane anataka kwenda kupanda mikoko kila baada ya Jumamosi moja. Siku hiyo ana madrasa, na mimi naogopa mambo ya mashua. Nimkubalie? (Mama, Langoni)

Mama, hofu yako ya bahari ni ya haki, na mwalimu anayeicheka hafai kukabidhiwa watoto. Kabla ya kutoa idhini, uliza kama kila mtoto ana jaketi la kuokolea linalomkaa mwilini, chombo kinaondoka na kurudi saa ngapi kwa kufuata maji, kwa maana kunaswa kwenye tope maji yakiwa yamekupwa siku za bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, si mchezo, na ni mtu mzima gani anayewahesabu watoto wakipanda na wakishuka. Ukijibiwa kwa kusitasita, mzuie, na usione haya.

Kuhusu madrasa, nisingependa akose darasa, wala nisingependa wewe ndiwe uende kumwombea. Mwache binti mwenyewe azungumze na ustadhi wake na mlezi wa chama, awaulize kama saa zinaweza kupangwa zisigongane. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anayejifunza kueleza kwa adabu kwamba ametoa ahadi mbili, na kutafuta namna ya kuzitimiza zote, amepata funzo kubwa kabla hajakanyaga tope.

Na tope lenyewe lina mengi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kwa hivyo anachokisoma mwanafunzi wa bara kitabuni, binti yako anakiona kwa macho: mbegu ya mkoko inayochipua ikiwa bado iko mtini, na mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, inayochomoza juu ya tope ili ipate hewa. Hata hivyo, uliza swali moja zaidi, ambalo kwangu ndilo la maana kuliko yote: je, wanarudi kuhesabu miche iliyoishi? Miche mingi hufa kwa kupandwa mahali ambapo maji hukaa muda mrefu kupita kiasi au mawimbi hupiga kwa nguvu. Chama kinachojivunia idadi iliyopandwa, kisijue iliyobaki baada ya miezi mitatu, kinawafundisha watoto kuchimba mashimo.

Shule yetu ilikwenda kusafisha ufuo. Tulipigwa picha tukiwa na glavu mpya. Baada ya wiki tatu takataka zilikuwa zimerudi zilezile. Nahisi tulichezewa. (Kidato cha nne, kisiwa cha Lamu)

Sina ugomvi na picha. Nina ugomvi na picha inayopigwa kabla ya kazi. Uchungu wako una msingi, ila usiumalizie kwa kususa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, lakini chupa, vifuniko, kamba za nyavu na kandambili bado vinaletwa na maji kutoka mbali, na vingine, tuseme kweli, vinatoka katika mifereji ya mitaa yetu wenyewe. Ufuo haujawahi kusafishwa ukaisha.

Badala ya kusafisha ufuo wote siku moja, wewe na wenzako wachache chagueni kipande cha hatua mia, kilekile kila mwezi, mkiokote, mkipange mlichookota kwa aina, mkipime kwa mizani na muandike. Kwa muda wa mwaka mtakuwa na tarakimu ambazo hakuna mtu mwingine anazo kuhusu ufuo huo, na mkienda nazo kwa wenye maduka au kwa maofisa wa kaunti mtasikilizwa tofauti na kikundi kilichokwenda na malalamiko. Kumbukeni pia kwamba ni hapahapa Lamu ambapo mwaka 2018 lilishushwa majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya kandambili za rangi kila namna, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mafundi walisifiwa, na walistahili. Lakini kabla ya fundi kushika ubao wa kwanza, alikuwapo mtu aliyekaa akitenga plastiki aina kwa aina, kwa sababu si kila plastiki huyeyushwa pamoja na nyingine, na fundi alikuwa akimngoja.

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha mazingira. Wanachama ni ishirini na wanane, wanaofanya kazi ni watatu, na mimi ndiye ninayefanya karibu yote. Niwafukuze? (Mwenyekiti, Mokowe)

Usifukuze mtu bado. Umeshaona mashindano ya mashua siku za Maulidi, au yale ya tamasha la utamaduni la Lamu. Chombo kinapobisha, yaani kinapokwenda kinyume cha upepo, baadhi ya mabaharia hutoka nje na kuukalia ubao ili kisipinduke, wengine huhamisha magunia ya mchanga toka upande huu hadi ule, mwingine anashughulika na tanga, na nahodha haondoki kwenye usukani. Akiuacha akaenda kubeba gunia kwa sababu mwenzake anachelewa, gunia litafika na mashua itakuwa imekwenda mrama. Methali yetu inawaonya manahodha wengi katika chombo kimoja. Nahodha mmoja anayetaka kuwa mabaharia wote sijui kama imemsahau au imemhurumia.

Kosa hilo nalijua kwa kuwa nilikuwa nalo. Nikiwa mwalimu kijana, nililea kikundi cha uigizaji katika shule moja ya pwani, nikawa naandika mchezo, natunza mavazi, naweka funguo na nafuata barua za ruhusa mimi mwenyewe. Wiki ya mashindano nikalazwa na malaria. Wanafunzi walikuwa tayari, wanajua maneno yao yote, lakini hakuna aliyejua mavazi yako wapi wala barua iko kwa nani, na hawakupanda jukwaani. Kwa muda mrefu niliilaumu malaria.

Kwa hivyo gawa kazi, na umpe kila mmoja kazi nzima, si kipande. Anayesimamia kitalu akisimamie: anunue mbegu, apange zamu za kumwagilia, atoe hesabu. Ataharibu mara ya kwanza, nawe utaumwa na mikono kutaka kurekebisha, izuie. Kisha wafuate wasiofika, mmoja mmoja, faraghani. Katika wale ishirini na tano utakuta wavivu, sikatai, lakini utakuta pia anayemsaidia mama yake kuuza viazi karai kila alasiri, na huyo hahitaji kuhubiriwa. Anahitaji kazi inayoweza kufanyika asubuhi.

Naogopa kusema mbele za watu. Nijiunge na chama cha mdahalo ili nizoee? (Gredi ya tisa, Faza)

Jiunge, lakini usianze kwa kusema. Omba kuwa mtunza saa. Utakaa mbele ya wote kila kikao, watakutazama, utagonga kengele na kusema maneno mawili, "muda umekwisha", hata wale wasemaji hodari watakutii. Baada ya muhula mmoja omba kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita.

Nimesikia habari za Tuzo ya Rais. Ni ya nani, na mtoto wa kisiwani anaweza kuipata? (Kidato cha pili, Siyu)

Mpango huo ulianza Kenya mwaka 1966, na ni wa vijana wa miaka 14 hadi 24. Una ngazi tatu, Shaba, Fedha na Dhahabu, na katika kila ngazi mtu hutoa huduma kwa jamii, hujifunza ustadi fulani, hufanya mazoezi ya mwili na husafiri na wenzake kwa miguu au kwa chombo, wakijipikia na kulala nje. Hushindani na mtu. Unatimiza muda uliowekwa, na ngazi ya Dhahabu huchukua angalau miezi kumi na miwili. Uliza kwanza kama shule yako au jirani ina msimamizi aliyefunzwa, kwa maana bila yeye saa zako hazitahesabiwa.

Kuhusu ustadi, nakuomba usiende mbali kutafuta gitaa. Uko Siyu, mji unaojulikana kwa mafundi wa ngozi, na visiwa hivi vina wadarizi wa kofia na wachongaji wa milango. Tafuta fundi mmoja atakayekupokea alasiri moja kila wiki, mkubaliane siku, na siku usiyoweza kufika umpelekee habari mapema, asije akakukatia ngozi ikakauka.