Nimzuie mwanangu kwenda Kansas?

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu amepata kazi kwenye kiwanda cha nyama huko Garden City, jimbo la Kansas, Marekani. Jirani ananiambia upepo wa kwenu unang'oa nyumba. Nimzuie? Mzazi, Mwanza

JIBU: Marahaba. Usimzuie mjukuu wangu, ila asipange nyumba ya trela (nyumba nyepesi ya kuhamishika) kabla hajajua jengo imara la kukimbilia. Hapa kwetu, Aprili hadi Juni, hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hukutana na hewa kavu ya magharibi, basi jioni mawingu hupanda kwa hasira. Mara nyingi tunaambulia mvua ya mawe tu, nayo huvunja vioo vya magari. Tornado, yaani huo upepo wa kuzunguka unaong'oa nyumba, ni nadra zaidi, lakini tarehe 4 Mei 2007 moja ilibomoa takriban asilimia 95 ya Greensburg, mji mdogo ulio mashariki mwetu. King'ora kikilia, ashuke chumba cha chini ya ardhi. Kama hakipo, aingie bafuni au chumba cha katikati kisicho na dirisha. Asitoke nje kupiga picha (vijana wana ugonjwa huo!). Na koti zito anunue mapema: usiku wa Januari huwa chini ya sifuri, na tambarare hii haina mlima wa kuuzuia upepo.