Orodha ya mlangoni si kipimo

Ndugu, umeuliza kama ile orodha ya "vitabu bora" inayobandikwa mlangoni mwa duka la vitabu ni ya kuaminika. Mimi huisoma, ila siifuati. Hapa Kisumu, shule zikifunguliwa Januari, vinavyopanda juu ni vitabu teule vya sekondari, yaani vile ambavyo wanafunzi hulazimika kuvisoma. Kununuliwa sana si kupendwa. Riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land, ilitoka 1966 na kisa chake kinaanzia huku kwetu Nyanza. Sijaiona kwenye orodha hata moja, na hilo linaniuma. Yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara, jalada limeshikizwa kwa selotepu, pambizoni mtu kaandika kwa penseli: "soma tena". Wewe, badala ya kufuata orodha, fungua ukurasa wa kumi wa kitabu chenyewe, usome ukiwa umesimama pale pale dukani.