Kabla ya kuuliza mshahara, uliza utatakiwa kusema nini

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga simu kuuza mikopo. Tulipewa karatasi ya maneno ya kumsomea mteja, na mstari mmoja ulisema: "Riba ni asilimia 10 tu." Ya mwezi au ya mwaka, haikuandikwa. Ilikuwa ya mwezi, yaani 120 kwa mwaka, tena ikipigwa juu ya mkopo wote hata kama nusu umesharudisha. Siku moja mama mmoja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwa mwezi au kwa mwaka?" Nikamsomea jibu tulilofundishwa: "Yote yamo kwenye mkataba, mama." Akasema, "Haya, nakuamini." Sauti ile ninayo mpaka leo.

Nilikaa pale miezi 7 zaidi. Nilijua ni vibaya, ila sikuwa na akiba na kodi ya nyumba haisubiri. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kazi ikikusuta, acha tu. Jiwekee kwanza matumizi ya miezi mitatu minne, hata kidogo kidogo. Bila hayo, kukataa ni kugumu mno.

Ukienda kwenye usaili, achana na kaulimbiu iliyobandikwa ukutani. Uliza bonasi hulipwa kwa kipimo gani. Ukilipwa kwa idadi ya mikopo uliyotoa, na hakuna anayejali kama mkopaji ataweza kulipa, umeshajua utasukumiwa wapi. Mtafute pia aliyeacha kazi pale, umsikilize.

Halafu jiandikie sababu inayokupeleka. Mwanafizikia Joseph Rotblat alijiunga na mradi wa Marekani wa bomu la atomiki akihofia Ujerumani ingetangulia kulipata. Mwishoni mwa 1944 ilipodhihirika kwamba Wajerumani hawalitengenezi, akaondoka, vita vikiwa bado vinaendelea. Baadaye alihamishia elimu yake kwenye fizikia ya tiba, na 1995 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwangu mimi, jambo kubwa ni kwamba aliikumbuka sababu yake, kwa hiyo ilipokufa aliitambua. Wengi wetu hatuitambui, kwa kuwa hatukuwahi kuitaja.

Kwenye usaili wangu uliofuata niliomba kuiona karatasi ya wauzaji kabla ya kusaini. Wakaniletea. Riba ya mwaka ilikuwa mstari wa kwanza. Mshahara ulikuwa chini ya ule wa zamani, nikasaini.